Uongo Nilioutamka Nikiwa Nimefunga

(Mazungumzo haya yalitolewa Kisumu baada ya futari, mbele ya vijana na wazazi wao. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



 

Wazee wangu, akina mama mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao nusu yenu mnaangalia simu na nusu mnaangalia sinia la sambusa lililobaki pale: mimi si sheikh. Mimi ni fundi cherehani. Wengi wenu kanzu za Idd nimewashonea mimi, na wengine bado nina deni kwenu, nanyi mnajijua. Jumuiya yenu imeniomba nizungumze kuhusu subira. Nikawaambia subira ina wenyewe wa kuizungumza. Mimi nina jambo moja tu ninalolijua vizuri, nalo ni uongo niliousema mwaka 1979 nikiwa na miaka kumi, mchana wa Ramadhani, na funga mdomoni. Wakasema haya, zungumza hilo.

Basi sikilizeni.

Mimi nimezaliwa Bombo, Uganda, kama kilomita 35 kaskazini ya Kampala. Sisi ni Wanubi. Hapa Kisumu mnawajua Wanubi wa Kibos, mnajua kisira, mnajua zile sinia za ukindu zenye rangi zinazoitwa tabaga, mnajua mama zetu na gurbaba zao. Lakini wachache mnajua tulifikaje. Mababu zetu walikuwa askari kutoka Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwakuta kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kumpigania vita vyake Uganda. Baadaye wakaingizwa katika King's African Rifles, iliyoundwa 1902, na kila Waingereza walipoweka kambi, Mnubi akaachwa hapo na mke wake na mkeka wake wa kuswalia. Ndiyo maana tuko Bombo, tuko Kibera, tuko Kibos. Nalisema hili mapema kwa sababu hadithi yangu ni ya mtoto aliyevamiwa, na sitaki mdhani kwamba watu wangu hawakuwahi kuwa wavamizi wa mtu. Tulikuwa bunduki ya mwingine kwa karibu miaka mia.

Idi Amin naye alitoka katika KAR. Alipochukua serikali tarehe 25 Januari 1971, mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Yeye ni Mkakwa, lakini Wanubi wengi walipata vyeo katika jeshi lake. Nyumbani kwetu mtu hakusema neno baya juu yake. Alikuwa Mwislamu mwenzetu, aliiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974, ikaanzwa kujengwa ile misikiti mikubwa. Mtoto angejua nini? Sikujua kwamba Waislamu nao walikuwa wakiuawa. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, Mwislamu wa Busoga, aliuawa mwanzoni mwa 1973 na mwili wake ukatupwa mtoni kule Jinja. Idadi ya waliouawa katika ile miaka minane inakadiriwa kuanzia 80,000 hadi 500,000. Nilikuja kuyasoma haya nikiwa mtu mzima, hapa hapa Kisumu, na nilipoyasoma nilikasirika na kitabu kwanza. Ni kawaida. Mtu akiambiwa ubaya wa wake, hukasirika na anayemwambia.

CHEREHANI

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la jeshi. Mwezi wa kumi 1978, mwishoni, jeshi la Amin likavuka mpaka na kuingia Tanzania, kule Kagera. Tarehe 1 Novemba redio ikatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Pale Bombo watu walipiga vigelegele. Mimi pia. Nilikimbia barabarani na wenzangu tukipiga makopo.

Siku chache baadaye mjomba akaja nyumbani usiku na lori. Akashusha gunia la sukari, mabati, na cherehani ya mkono, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni. Mama akafurahi mno. Kwa wale msiojua hali ya Uganda wakati ule: sukari ilikuwa ya magendo, sabuni ya magendo, chumvi ya magendo. Cherehani haikuwa kitu cha kuota. Hakuna aliyemuuliza mjomba imetoka wapi. Mimi ndiye niliyeuliza, akanijibu, "Kusini." Nikaridhika.

Ndani ya droo ya ile cherehani kulikuwa na vitu vitatu: kipande cha chaki, sindano zilizofungwa katika gazeti, na kidaftari. Kidaftari kilikuwa na majina ya watu na vipimo vyao. Kifua. Kiuno. Mkono. Urefu. Yote kwa Kiswahili safi, mwandiko mzuri wa kulala. Sisi nyumbani tulisema Kinubi, barabarani Kiganda, na Kiswahili kilikuwa cha kambini, kile cha "wewe napana jua." Nikakichukua kile kidaftari, nikakitia katika mfuko wangu wa chuo pamoja na juzuu, nikawa nakisoma kama kitabu. Kiswahili changu cha kwanza cha kuandika nimejifunza kwa kiuno cha watu wa Kagera.

WAKOMBOZI

Mnajua kilichofuata. Tanzania ilijibu. Mwezi wa pili 1979 wakachukua Masaka na Mbarara, mwezi wa tatu kukawa na vita vikubwa Lukaya ambako Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikufa wengi, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Bombo haikukawia. Wengi wa watu wetu walikuwa wamekwisha kimbilia kaskazini, kwenda Sudan na Zaire. Sisi tulibaki kwa sababu habuba, yaani bibi yangu, alikuwa hawezi kutembea, na mama alisema hamwachi.

Tulilala siku nne katika shamba la kahawa la jirani yetu, mama mmoja Mganda, Mkatoliki. Mume wake alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 na hakurudi. Mnanielewa? Alikuwa na kila sababu ya kutuonyesha kidole. Alikuwa akituletea ndizi za kuchemsha zimefungwa kwa majani, anaziweka chini, anaondoka bila kusema neno. Hakutuangalia usoni hata siku moja. Nimekaa miaka mingi nikifikiri juu ya yule mama kuliko ninavyofikiri juu ya majenerali wote wa vita ile.

Tuliporudi nyumbani hapakuwa na mlango wala mabati, ile cherehani haikuwepo. Mabati ya Kagera yalikuwa yamepanda juu ya nyumba nyingine hatua hamsini kutoka kwetu, tunayaona. Tukahamia katika jiko la nyuma.

Watu waliwaita Watanzania bakombozi. Miaka ile imewaachia Waganda maneno mengi ya Kiswahili, na ukiyasikiliza utaona kwa nini baadhi yao hawakipendi Kiswahili mpaka leo: magendo, mafuta mingi, na baadaye panda gari, yaani askari wanazunguka mtaa na kuwapakia vijana kwenye lori. Lugha yetu hii tunayoisifu kwa mashairi, jirani yetu ameisikia ikitoka nyuma ya bunduki. Hilo nalo tulikumbuke tunapojisifu.

Lakini askari niliyemzoea mimi alitoka Tanga. Alilinda kisima. Siku ya kwanza nilipoenda kuteka maji akaniuliza, "Wewe mtoto, huamkii wakubwa? Sema shikamoo." Mimi nikasikia "shika", nikajua nakamatwa. Nikaangusha debe, nikanyoosha mikono juu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha: shikamoo, marahaba, nimekuja kuteka maji. Baada ya wiki mbili nikawa mkalimani wa mtaa mzima. Wamama wakinituma, askari wakiniita. Mtoto wa miaka kumi, fikiria, watu wazima wote wanangoja wewe useme nini. Kichwa kilinivimba.

Yule wa Tanga alikuwa Mwislamu. Alikuwa anaswali msikitini kwetu, bunduki ameilaza mbele yake juu ya mkeka. Wazee wetu walimwogopa. Siku moja nikamuuliza, kwa ujinga wa kitoto, kwa nini amekuja kumpiga Mwislamu mwenzake. Hakukasirika. Aliniambia habari za Kagera. Daraja la Kyaka lilivyobomolewa. Vijiji vilivyochomwa. Ng'ombe kwa maelfu walivyoswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kilivyoporwa, wanawake waliochukuliwa, maiti walizozikuta waliporudi. Akasema, "Wengine niliowazika walikuwa na majina kama lako."

Mimi badala ya kunyamaza, mnajua nilifanya nini? Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka aone jinsi ninavyojua kusoma Kiswahili. Nikatoa kile kidaftari mfukoni nikaanza kumsomea: suruali, kiuno 32, urefu 41.

Akakichukua mkononi. Akafungua kurasa zote, polepole. Akaniuliza, "Umekipata wapi hiki?"

Nikamwambia mjomba amekuja nacho na lori. Akanirudishia, akaniambia niende nyumbani.

SWALI

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Julai. Hali ilikuwa mbaya kwa Waislamu. Mwezi mmoja nyuma, kule Ankole, makumi ya Waislamu, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa na kutupwa katika Mto Rwizi, na watu waliowaua hawakuwa askari, walikuwa majirani. Habari ilikuwa imetufikia. Watu wengine walikuwa wameanza kujiita majina mengine. Usiku kulikuwa na kafyu, kwa hiyo tarawehe hatukuswali msikitini. Tuliswali ndani ya jiko, mama, habuba, dada zangu wawili na mimi, kwa sauti ya chini, kama wezi. Ndiyo ilikuwa funga yangu ya kwanza ya mwezi mzima na nilikuwa nimeazimia nisikose hata siku moja.

Na mjomba alikuwepo. Alirudi usiku, mwezi wa sita, miguu imevimba. Mchana alilala juu ya dari ya jiko, kati ya kuni na paa, usiku alishuka kula. Majirani hawakujua.

Siku ya tisa ya Ramadhani, alasiri, wakaja askari watatu. Mmoja wao ni yule wa Tanga. Walikuwa wanatafuta waliokuwa askari wa Amin, na mwenye lori alikuwa katika karatasi yao. Nani aliyempeleka kwenye karatasi? Mimi. Mimi na kidaftari changu.

Yule wa Tanga akaniambia nimuulize bibi yangu, mwanawe yuko wapi. Nikamuuliza kwa Kinubi. Habuba alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. Akasema kwa Kinubi, waambie yuko juu ya dari, wakimtaka wamchukue, mimi nimechoka kumficha.

Ndiyo. Hivyo ndivyo alivyosema. Mama alishika mdomo wake. Habuba hakuwa na hasira, aliisema kama anavyosema mtama umekwisha. Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ndani ya lile jiko mtu mmoja tu aliweza kuipeleka ile sentensi kwa upande wa pili.

Nikasema, "Anasema amekufa."

Yule wa Tanga akaniuliza, "Wewe umefunga?"

"Nimefunga."

"Na mjomba wako?"

"Amekufa."

Futari ilikuwa imepangwa chini, uji na muhogo. Akaangalia vikombe. Sisi tulikuwa watano na vikombe vilikuwa sita. Najua aliviona, kwa sababu midomo yake ilitembea akihesabu. Akasema, "Basi Mungu amrehemu," akawaambia wenzake twendeni. Sikumwona tena kisimani. Walihamishwa wiki ile.

Usiku ule ule mjomba akaondoka kwenda Kenya.

KIBOS

Kwa nini Kibos? Kwa sababu dada yake habuba aliolewa huko tangu wakati wa KAR. Sisi tulimfuata mwaka 1981. Obote alikuwa amerudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, Watanzania walikuwa wanaondoka, na tangu Februari 1981 vita vya Museveni vilikuwa vimeanza. Bombo iko mlangoni mwa Luweero, na mnaojua historia mnajua Luweero ilivyokuwa. Habuba alikuwa amefariki. Hatukuwa na wa kumngoja.

Safari siielezi sana. Basi, miguu, rushwa, miguu. Busia tulivuka kwa njia ya panya. Ninachokumbuka ni basi likiteremka kutoka Maseno, na upande wa kulia, ghafla, maji. Mama akauliza ni ziwa gani. Mzee mmoja Mluo akamwambia ni lile lile mliloliacha. Mama akalia. Sijui aliona nini katika jibu lile.

Tuliingia Kibos siku mbili kabla ya Ramadhani, mwanzo wa Julai 1981. Miwa kila upande, milima ya Nandi kule juu, gari moshi la Nairobi linapita. Usiku wa kwanza wa tarawehe nikaambiwa twende msikitini. Nikauliza, saa hizi? Binamu yangu akanicheka. Tukatoka nje, gizani, watoto sita tunapiga kelele, mmoja ana tochi. Kila hatua nilingoja sauti ya "simama." Haikuja. Tumeswali rakaa zote, tumekaa nje tunakula miwa, tumerudi nyumbani saa nne na hakuna mtu aliyetuuliza tunatoka wapi. Saa tisa vijana wakapita wanapiga debe kuamsha watu daku. Mimi niliposikia debe niliingia chini ya kitanda. Lakini nilitoka, jamani. Nilitoka nikala daku.

Mkiniuliza uhuru ni nini, mimi sina maana nyingine ya kuwapa zaidi ya ile njia ya kutoka nyumbani hadi msikitini usiku ule. Nyinyi mnaipita kila siku mnaona ni vumbi tu.

Sisemi Kenya ilikuwa pepo. Shuleni niliitwa "Amin" mpaka nikamaliza darasa la saba. Na habari ya kitambulisho mnaijua wenyewe: mimi niliyetoka Bombo nilihojiwa, sawa, nilikuwa mgeni, lakini binamu zangu ambao babu yao amezikwa Kibos nao walihojiwa, walete cheti cha babu. Jambo hili lilifika mpaka kwa Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayoshughulikia haki za mtoto, na Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Somo hilo linahitaji usiku wake peke yake. Nirudi kwa mjomba.

Mjomba alikuwa anatengeneza baiskeli pale Kibos. Alikuwa na sauti nzuri ya Qur'an kuliko imamu, na kila mara akiombwa aswalishe alikataa. Aliswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Watoto tulidhani ni unyenyekevu.

Mimi ule uongo ulinisumbua. Nilipofika miaka kumi na tano nikamwendea sheikh wetu, Mungu amrehemu, nikamweleza kila kitu, nikamuuliza kama funga ya siku ile niilipe. Alifikiri. Akaniambia funga usiilipe, na uongo wa kumwokoa mtu asiuawe una mlango wake katika sheria. Halafu akaniuliza, "Ile cherehani ilikuwa ya nani?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Mungu husamehe haki yake akitaka. Haki ya mtu, mtu mwenyewe ndiye anayesamehe. Nenda kamwambie mjomba wako nimesema hivyo."

Nilimwambia. Alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu. Akaliacha lizunguke mpaka likasimama lenyewe. Akasema, "Mimi niliendesha lori. Sikuwa naangalia nyuma kuna nini." Nikasubiri. Akasema, "Safari ya kwanza ilikuwa mabati na sukari. Safari ya pili ilikuwa na watu. Wanawake. Walikuwa wanagonga kioo cha nyuma."

Hakuongeza neno tena, na mimi nilikuwa mtoto, sikuthubutu kumuuliza. Lakini tangu siku ile kila mwisho wa mwezi alikuwa anatia pesa katika kopo la maziwa. Alifariki mwaka 1996. Kopo aliniachia mimi na maneno mawili: "Peleka kusini."

KUSINI

Nilikawia. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na kodi ya duka. Agosti 2003 redio ikatangaza Amin amefia Jeddah, na wateja dukani wakaanza kubishana, huyu anamwombea rehma, huyu anamlaani. Mimi nikaenda nyuma nikalitafuta lile kopo. Mwaka uliofuata nikaenda. Isebania, Mwanza, nikapanda meli ya MV Victoria usiku mzima mpaka Bukoba, kisha gari hadi Kyaka. Daraja limejengwa upya, zuri. Nikavuka kwa miguu nikiwa na kidaftari mfukoni.

Nilikuwa nauliza misikitini na sokoni. Nilieleza mimi ni nani, sikuficha. Mzee mmoja aliniambia niondoke, na alikuwa na haki. Siku ya tatu, karibu na gulio, nikawasomea wazee watano majina yale. Jina la nane, mzee mmoja mwembamba akaniambia, "Soma tena." Nikasoma. Kifua 36, kiuno 32, urefu 41.

Akasema, "Huyo ni mimi. Nilipeleka kitambaa cha suruali, kijivu, nikalipa nusu. Suruali yangu sijaipata mpaka leo."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, halafu akacheka naye. Yule ndiye aliyenipeleka. Fundi mwenyewe alikuwa amekufa. Alivuka mto na watu waliokimbia mwaka ule wa 1978, akaugua ukimbizini, hakurudi. Binti yake yupo, ana nyumba ya nyasi na shamba la migomba. Nilimpa kopo. Nikampa kidaftari. Alikaa nacho muda mrefu akipitisha kidole juu ya mwandiko wa baba yake, kwa sababu hakuwa na picha yake. Habari za wale wanawake wa kwenye lori nilimwambia pia. Akaniambia, "Hizo hazimo katika kopo hili." Nikasema najua.

Kidaftari akakibakisha, isipokuwa ukurasa mmoja aliuchana akanipa, ule wa mzee. Nikampima upya palepale. Kiuno kimepungua, 30. Nikanunua kitambaa Bukoba, kijivu, nikarudi Kisumu nikaishona, nikaituma kwa dereva wa basi.

Kuna kijana ameniuliza kabla ya futari, huu ukurasa uko wapi. Uko dukani, ukutani, juu ya mashine ya pili, mje mwone. Na mwenye deni langu aje nao siku hiyo hiyo.

Adhana ya Isha ndiyo hiyo. Tuinuke.